Daktari au Msaidizi? Historia ya Mpaka Ndani ya Tiba ya Mifugo

Kwetu Ankole, kusini-magharibi mwa Uganda, mtu yeyote anayeingia zizini na bomba la sindano huitwa omushaho. Waganda nao humwita omusawo. Hakuna anayemuuliza kama alisoma miaka miwili au mitano. Kiswahili kimejaribu kutenganisha zaidi: kuna daktari wa mifugo, kuna afisa mifugo, kuna msaidizi wa afya ya mifugo, na Tanzania kuna Bwana Mifugo, jina ambalo mfugaji humpa yeyote kati ya hao. Lakini ukitoka zizini ukaingia ofisini, maneno haya hayachanganywi hata kidogo. Kila moja lina mshahara wake, sare yake, na mstari wake kwenye fomu ambao mwingine haruhusiwi kuweka saini.

Insha hii inachunguza mpaka huo ulitoka wapi. Ninaiandika kama mwanafunzi wa Historia na Kiswahili, ingawa swali lenyewe halikuzaliwa darasani. Mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha sita akiwa na alama nzuri za Biolojia na Kemia, na tangu matokeo yatoke nyumbani kuna mabishano. Asome shahada ya udaktari wa mifugo, ambayo Makerere huchukua miaka 5, au asome diploma ya miaka 2 awe mtaalamu msaidizi? Baba anasema diploma ni ya walioshindwa. Mama anauliza ada ya miaka 5 itatoka wapi. Mimi, kwa kuwa ndiye niliyeko chuo kikuu, ninatakiwa kutoa uamuzi. Nimeamua kuanza na historia, kwa sababu naamini neno hilo "walioshindwa" baba hakulibuni yeye. Alilikuta.

Tiba ya mifugo kama taaluma ya shuleni ilianzia Ufaransa. Claude Bourgelat alianzisha shule ya Lyon mwaka 1761, na sababu kubwa ilikuwa tauni ya ng'ombe, ugonjwa ambao kwa Kiswahili tunauita sotoka. Kabla ya hapo farasi na ng'ombe walitibiwa na wahunzi waliopiga viatu vya farasi, na wachungaji, na wafugaji wenyewe. Shule hazikuwaondoa watu hawa mara moja. Uingereza ilifungua shule yake London mwaka 1791, lakini ikachukua karibu karne nzima, hadi sheria ya 1881, ndipo jina la daktari wa mifugo likakatazwa kwa mtu asiye mwanachama wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Mifugo. Mfuatano huu una maana kwa hoja yangu: kazi ilitangulia, shule ikafuata, na ulinzi wa jina ukaja mwisho.

Aliyeishi katikati ya kazi na jina ni Aleen Cust, mwanamke wa Ireland. Alisomea Edinburgh na kumaliza mwaka 1900, lakini Chuo cha Kifalme hakikukubali kumfanyia mtihani wa kumpa jina, kwa sababu ni mwanamke. Akarudi Ireland akatibu wanyama kwa miaka mingi bila jina hilo. Alilipata mwaka 1922, baada ya sheria ya 1919 kuondoa kizuizi cha jinsia katika taaluma. Kwa muda wote huo farasi aliowatibu hawakuwa na habari kwamba aliyewashika si daktari. Hata ngazi ya msaidizi ilikuwa na ugomvi wake wa maneno. Mafunzo rasmi ya wasaidizi wa kliniki za wanyama Uingereza yalianza mwaka 1961, lakini hawakuruhusiwa kuitwa wauguzi hadi 1984, kwa kuwa neno "muuguzi" lilikuwa limehifadhiwa kwa wanaouguza watu.

Turudi Afrika. Huku sotoka ilifika kabla ya daktari. Iliingia kupitia Eritrea mwaka 1887 pamoja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Italia, na kufikia 1891 ilikuwa imekwisha kupita katika nchi za Wamasai, Ankole na Buganda. Mahali pengine walikufa ng'ombe tisa katika kila kumi. Wamasai waliuita wakati ule Emutai, maangamizi, kwa sababu baada ya ng'ombe kufa ilikuja ndui, ikaja njaa. Wakoloni walipokuja kutia saini mikataba yao, wengi wa waliokaa nao mezani walikuwa wametoka kufiwa na mifugo. Wanahistoria wengi wameandika juu ya hili nami sina la kuongeza, isipokuwa kusema kwamba taaluma ya mifugo katika Afrika Mashariki ilianza juu ya mizoga hiyo.

Sotoka ilivuka mto Zambezi mwaka 1896. Huko kusini ilikutana na mtu ambaye kwangu ndiye anayeeleza mpaka huu kuliko sheria yoyote. Jotello Festiri Soga, mwana wa Tiyo Soga, alihitimu udaktari wa mifugo Edinburgh mwaka 1886. Alikuwa Mwafrika Kusini mweusi wa kwanza kupata sifa hiyo. Serikali ya Koloni la Cape ilimwajiri mwaka 1889, na cheo alichopewa kilikuwa msaidizi wa pili wa daktari mkuu wa mifugo wa koloni. Ninafahamu kwamba mtu anayeanza kazi huanzia chini. Lakini niliposoma habari hizi nilisimama kwenye neno "msaidizi", kwa sababu kuanzia hapo neno hilo litawafuata Waafrika wenye elimu kwa zaidi ya nusu karne, wawe na vyeti au wasiwe navyo. Soga alishiriki katika vita dhidi ya sotoka, akachunguza pia mimea yenye sumu kwa mifugo, akafariki mwaka 1906.

Katika makoloni yetu kitovu kilikuwa maabara ya Kabete, karibu na Nairobi. Kazi iliyofanyika pale ni kubwa na sitaki kuidharau. R. E. Montgomery alieleza homa ya nguruwe ya Afrika katika maandishi ya mwaka 1921. Daubney, Hudson na Garnham wakaieleza homa ya Bonde la Ufa mwaka 1931. Wanasayansi wa dunia nzima bado wanayataja majina hayo. Hata hivyo, kondoo na ng'ombe hawakujishika wenyewe. Palikuwa na Waafrika waliofunga kamba, waliochukua damu, waliotembea siku nzima kuhesabu mizoga na kurudi na habari. Hao hawamo katika majina ya waandishi. Vilevile si kila jambo lililoitwa huduma ya mifugo lilikuwa tiba. Kwa wafugaji wengi mtu wa mifugo alikuwa mtu wa karantini. Nchi ya Wamasai nchini Kenya ilifungwa kwa karantini kwa vipindi virefu ili magonjwa yasifike kwenye mifugo ya walowezi, na aliyesimama njiani kuzuia ng'ombe wa jirani yake asipite alikuwa Mwafrika mwenye kofia ya serikali. Nadhani hapo ndipo ngazi ya chini ilipopata sura mbaya mbele ya wazee wetu.

Elimu ilifuata mkondo huo huo. Makerere ilianza mwaka 1922 kama chuo cha ufundi, kisha ikaongeza mafunzo ya utabibu, kilimo na mifugo. Vijana waliochaguliwa walikuwa wachache na walikuwa bora kuliko wote katika makoloni matatu na Zanzibar. Walisoma miaka mingi. Mafunzo ya mifugo yalikuja kuendeshwa Kabete. Mwishoni walipewa diploma, si shahada, na kazi waliyopewa iliitwa Afisa Mifugo Msaidizi. Juu yao alikaa Afisa Mifugo, Mzungu, ambaye mara nyingine alikuwa kijana kuliko wao. Wenzao waliosomea kutibu watu walipewa cheo cha namna hiyo hiyo, Afisa Tabibu Msaidizi.

Ng'ambo ya mpaka, katika Ruanda-Urundi chini ya Wabelgiji, mambo yalikuwa wazi zaidi. Shule ya Astrida, ambayo leo mji wake unaitwa Huye, iliasisiwa mwaka 1929 na kuendeshwa na Mabruda wa Charité kutoka Ubelgiji. Ilikuwa na tawi la utawala la kuandaa machifu, na matawi ya kuandaa wasaidizi wa utabibu, wasaidizi wa mifugo na wasaidizi wa kilimo. Wenzangu kutoka Rwanda na Burundi wanaijua shule hii kwa sababu ya wanasiasa waliopitia pale. Mwanamfalme Louis Rwagasore ni mmoja wao. Mimi naitaja kwa sababu ya neno lililorudiwa katika matawi yake: msaidizi, msaidizi, msaidizi. Hakukuwa na tawi la daktari. Kijana mwenye akili kuliko wote Ruanda-Urundi, akipenda ng'ombe kuliko kitu chochote, mwisho wa safari yake ya elimu ulikuwa umekwisha kuamuliwa Brussels.

Kwa hiyo ninaposema kwamba baba alilikuta neno "walioshindwa", hili ndilo ninalokusudia. Katika ujana wa babu yetu, msaidizi hakuwa mtu aliyeshindwa mtihani wa udaktari. Mtihani wenyewe haukuwepo kwake. Baada ya Uhuru rangi iliondoka kwenye ngazi, ngazi ikabaki, na dharau iliyokuwa ya rangi ikageuka kuwa dharau ya alama za mtihani.

Hapa niruhusiwe kuchepuka kidogo, kwa kuwa wasomaji wengi wa mkusanyo huu ni watu wa lugha. Mwaka 1966 hadi 1969 televisheni ya Marekani ilionyesha mfululizo wa michezo ulioitwa Daktari, kuhusu daktari wa wanyama katika Afrika Mashariki. Msukumo wake ulikuwa maisha ya Toni Harthoorn na mkewe Sue, waliokuwa wakilea wanyama Nairobi. Picha zilipigwa California. Neno "daktari" sisi tulilichukua kwa Waingereza, tukalipa irabu zake. Wamarekani wakalichukua kwetu kama neno la kigeni lenye harufu ya mbuga, wakamvika Mzungu. Katika miaka hiyo hiyo, Waafrika wa kwanza wenye shahada ya udaktari wa mifugo kutoka Kabete walikuwa wanaanza kazi, na hakuna aliyewatengenezea mfululizo.

Shahada hiyo ilianza kutolewa kwa sababu mwaka 1962 Kabete ilipandishwa kuwa kitivo, kikawa cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Chuo kikuu hicho kilipogawanywa mwaka 1970, kila nchi ilitaka kitivo chake. Makerere ilifungua chake mwaka 1971. Tanzania ilianza mafunzo ya shahada Morogoro mwaka 1976, mahali ambapo leo ni Chuo Kikuu cha Sokoine. Msomaji wa Uganda ataona mara moja ubaya wa tarehe yetu: kitivo cha Makerere kilizaliwa mwaka ule ule ambao Idi Amin alichukua serikali.

Kuhusu miaka iliyofuata nimezungumza na mzee mmoja wa kata yetu aliyesomea Entebbe na kuingia kazini mwaka 1968 kama msaidizi. Aliniambia kwamba wakati ule wilaya ilikuwa na daktari, gari na friji ya mafuta ya taa. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 daktari alikuwa amekwenda Kenya, kama walivyofanya wasomi wengi, gari lilikuwa juu ya mawe, na friji ilikuwa kabati la faili. Yeye alibaki na baiskeli. Chanjo aliibeba kwenye chupa ya chai yenye barafu aliyoomba hospitalini. Nilimuuliza kama aliwahi kufanya upasuaji, jambo ambalo si la ngazi yake. Akacheka.

"Mwanangu, ndama amekwama tangu alfajiri, mwenye ng'ombe analia, daktari yuko Nairobi. Wewe ungemwambia nini? Kwamba cheti changu hakiruhusu?"

Alimpasua, na si mara moja. Wengine walipona, wengine hawakupona, naye hakunificha idadi ya wasiopona: walikuwa wengi kuliko waliopona. Hilo nimelisisitiza nyumbani, kwa sababu ni rahisi kumgeuza mzee huyu kuwa shujaa na kusahau wale ng'ombe. Alikosa mafunzo, alikosa dawa ya ganzi, na hakuwa na wa kumuuliza. Alistaafu akiwa na cheo kile kile alichoanza nacho. Karatasi ya pensheni, ambayo alinitolea kutoka kwenye bahasha ya plastiki, imeandikwa Msaidizi.

Ushahidi mkubwa kuliko wote katika mjadala huu unatoka kwenye sotoka yenyewe. Walter Plowright, daktari wa mifugo Mwingereza, alifanya kazi Muguga, nchini Kenya, katika taasisi ya utafiti wa mifugo ya Afrika Mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, pamoja na R. D. Ferris, alikuza virusi vya sotoka ndani ya chembe za figo za ndama, akavihamisha kutoka chombo hadi chombo mara zipatazo 90, mpaka vikapoteza nguvu ya kuua lakini vikabaki na nguvu ya kukinga. Ng'ombe aliyechanjwa mara moja alikuwa salama maisha yake yote. Hii ni kazi ya miaka, ya darubini, ya mtu aliyesoma sana. Hakuna kozi ya miaka 2 ingeweza kuitoa. Plowright alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999, na aliistahili.

Chanjo hiyo ilikuwa na udhaifu mmoja: ilihitaji baridi. Kuanzia 1962 hadi 1976 nchi nyingi za Afrika ziliitumia katika kampeni ya pamoja, timu za serikali zikienda na magari na majokofu. Ugonjwa ulirudi nyuma hadi kubaki katika vichochoro vichache, kampeni ikafungwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 sotoka ikaibuka tena na kuua mifugo kutoka magharibi hadi mashariki ya bara. Vichochoro vile vilikuwa mahali pasipofikika kwa gari: kusini mwa Sudan, nchi ya Waafar kule Ethiopia, mipaka ya Wasomali. Penye vita daktari haendi, na barafu haifiki.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Jeffrey Mariner na wenzake walitengeneza chanjo ya sotoka iliyoweza kukaa wiki kadhaa bila jokofu. Sasa swali likawa nani ataibeba. Jibu lilikuwa wafugaji wenyewe. Vijana waliochaguliwa na jamii zao, wengi hawajui kusoma, walifundishwa kwa muda mfupi kuchanganya chanjo, kuchoma sindano na kuweka alama masikioni. Kusini mwa Sudan, katikati ya vita, mpango huu ulianza mwaka 1993 chini ya shughuli za UNICEF, na katika mwaka huo mmoja walichanjwa ng'ombe zaidi ya milioni moja. Waafar walifanya vivyo hivyo. Kwetu Uganda, Karamoja ilikuwa na wahudumu wa namna hiyo. Mara ya mwisho sotoka kuonekana duniani ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Hifadhi ya Meru, Kenya. Tarehe 28 Juni 2011, mjini Roma, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba ugonjwa umetokomezwa. Baada ya ndui, huu ni ugonjwa wa pili tu katika historia kufutwa duniani.

Ningeweza kuishia hapo na kusema kwamba wadogo walishinda. Ingekuwa uongo wa nusu. Madaktari wengi wa mifugo, hasa Kenya, walipinga vikali kuwapa wafugaji sindano. Walisema dawa zitatumika ovyo na kwamba watu waliosoma miaka mitano wananyang'anywa kazi. Hoja ya pili ilikuwa ya tumbo, na mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika 1990 tumbo lilikuwa na njaa kweli. Serikali zetu, kwa masharti ya Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ziliacha kuajiri kila mhitimu na kuwaambia madaktari wafungue kliniki binafsi. Daktari aliyefungua kliniki mjini alikuta wafugaji hawapo mjini, na wale wa vijijini tayari walikuwa na mtu wa bei nafuu.

Lakini hoja ya kwanza haikuwa ya tumbo. Yeyote aliyekulia katika ukanda wetu wa ng'ombe anaijua. Leo kusini-magharibi mwa Uganda kupe hawafi. Wafugaji wamechanganya dawa za kuogeshea kwa vipimo vya kubahatisha, wamebadilisha dawa kila wiki kwa ushauri wa muuza duka, na watafiti wa Makerere wamethibitisha kwamba kupe wamejenga usugu dhidi ya dawa nyingi zilizoko sokoni. Ndigana kali, ambayo huenezwa na kupe hao, inaua ndama wa maziwa ambao wazazi wetu wamewanunua kwa mikopo. Hilo ndilo linalotokea mtu wa karibu akiwepo peke yake, bila anayejua kwa nini dawa hii isitumike baada ya ile.

Sheria za karibuni zimejaribu kuwapa wote mahali. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 inawasajili madaktari, inawaandikisha wataalamu wasaidizi, na inawaorodhesha wasaidizi wao. Vitenzi vitatu kwa watu wa tabaka tatu. Kenya ilipitisha yake mwaka 2011, mwaka ule ule wa tangazo la Roma, na kuwataja wasaidizi katika jina lenyewe la sheria. Uganda tulibaki kwa muda mrefu na sheria ya 1958, ya kabla ya Uhuru. Kanuni ya kimataifa inasema mtaalamu msaidizi hufanya kazi chini ya wajibu na maelekezo ya daktari. Ni kanuni nzuri. Tatizo langu nayo ni la kijiografia: inawafikiria watu wawili waliosimama pamoja katika chumba kimoja, kama kwenye kliniki ya Uingereza. Kwetu daktari yuko makao makuu ya wilaya na msaidizi yuko kijijini, na kati yao kuna kilomita za vumbi na simu isiyo na salio.

Sasa nirudi kwenye fomu ya mdogo wangu. Nimewaeleza wazazi mambo matatu niliyoyapata. Kwanza, ngazi ya msaidizi katika nchi zetu haikuundwa kwa ajili ya wasioweza. Iliundwa kwa ajili ya walioweza lakini hawakuruhusiwa. Baba alinyamaza kidogo aliposikia hilo, kisha akauliza kwa nini basi sasa wanaruhusiwa na yeye mtoto wake asiende juu. Ni swali la haki. Pili, kizuizi cha babu hakipo tena kisheria. Mwenye diploma nzuri anaweza kuomba nafasi ya shahada baadaye, na wapo wanaofanya hivyo. Kizuizi kilichobaki ni pesa. Baba amepiga hesabu ya miaka 5 kwa ng'ombe, si kwa shilingi, na akauliza kama ni busara kuuza nusu ya zizi ili kupata mtu wa kulitibu.

Tatu ni saini, na hapa mimi naegemea upande wa shahada. Ugonjwa wa miguu na midomo ulipoenea mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, wilaya nyingi ziliwekwa karantini. Masoko ya ng'ombe yalifungwa, na watu waliotegemea kuuza fahali mmoja kulipa ada za shule walikaa nao. Msaidizi wa kata yetu alipita kila zizi, alijua nani ana wagonjwa na nani hana, lakini kibali cha kusafirisha ng'ombe hutolewa na daktari wa wilaya. Watu walioamua karantini ianze lini na iishe lini walikuwa juu zaidi ya huyo. Ningependa katika vyumba hivyo awepo mtu mmoja aliyekulia kati ya ng'ombe zetu, na ningependa awe mwanamke wa nyumbani kwetu.

Mdogo wangu alisikiliza yote haya akiwa anakamua. Alisema, "Kaka, wewe unataka nikakae kwenye chumba cha saini. Mimi nataka kujua kwa nini dawa ya kupe haifanyi kazi, na kumwambia mama Jumamosi ile ile." Nikamjibu kwamba kujua kwa nini ni kazi ya shahada. Akanijibu kwamba kumwambia mama ni kazi ya pikipiki.

Amejaza shahada ya Makerere chaguo la kwanza, kwa udhamini wa serikali peke yake. Asipopata udhamini, chaguo la pili ni diploma, na hatauza ng'ombe hata mmoja. Baba ametia saini fomu. Kwenye nafasi ya kazi anayokusudia kufanya kulikuwa na mstari mmoja mfupi, na yeye ameandika omushaho, kwa Kinyankole. Mama amemshauri afute aandike kwa Kiingereza kabla fomu haijapelekwa.